Historia fupi ya taa ya buluu, na jinsi tulivyochagua taa za Krismasi kule Sugoi

Najua niliahidi kumaliza ule mfululizo wa hifadhidata, lakini hifadhidata ipumzike kidogo. Kila mwaka ikifika Novemba watu huniuliza swali lile lile: "Wewe mtu wa kompyuta, ninunue taa gani za rangi za kumulika nyumba wakati wa Krismasi?" Mimi naandika programu, si fundi wa stima, lakini kijijini tofauti hiyo haipo. Ukijua kompyuta basi unajua redio, simu, mita, jenereta na hata mashine ya kusaga.

Jibu langu fupi ni hili: angalia ukuta wako kabla ya kuangalia boksi la taa, na angalia waya wa athi kabla ya kuangalia rangi. Jibu refu ni historia, na historia ndiyo nataka kuwapa leo, maana nilijifunza zaidi kwa kuuliza "taa hii imetoka wapi?" kuliko kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Yaliyonifundisha yalitokea Desemba 2023 nyumbani kwetu.

Kwetu ni Sugoi, upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Siku hizi ukisema Sugoi watu wanafikiria nyumba ya William Ruto, rais wa tano wa Kenya, wanadhani kila mtu wa huko ana lami mpaka mlangoni. Sisi tuna mahindi, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe ya mjomba wangu, na nyumba ya udongo ya Kogo, yaani nyanya yangu. Mwaka huo mjomba aliamua ukoo mzima ukutane nyumbani Krismasi. Akanipigia simu: "Njoo na taa za rangi, zile za kumulika ukuta, tuwe kama mjini." Akanitumia shilingi elfu sita kwa M-Pesa, mjadala ukaisha.

Au ndivyo alivyofikiri. Mjadala ndio kwanza ulianza.

Rangi nazo hupiga kura

Mjomba alitaka nyumba ya mawe peke yake imulikwe, na ya udongo iachwe gizani kwa sababu "hiyo ni ya zamani". Binamu zangu wakaanza kubishana rangi. Mmoja akataka njano. Mwingine akacheka: "Ukiweka njano na kijani watu watasema umesimamisha wilibaro uani." Basi chungwa? Wazee wakatingisha vichwa. Kwa asiyejua siasa zetu: katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, waliounga mkono katiba walipewa alama ya ndizi na waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa likashinda, likazaa chama, na miaka miwili baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa kwetu na majirani zao walipitia Mwaka Mpya ambao hakuna anayetaka kuusimulia mbele ya watoto. Kwa hiyo usicheke ukisikia familia inajadili rangi ya taa kwa sauti ya chini. Kwetu rangi si mapambo tu.

Kogo alikuwa kimya muda wote huo. Mwezi Oktoba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, hospitali moja mjini Eldoret. La kushoto lilikuwa bado likisubiri zamu. Mwishowe akasema kwa Kikalenjin maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Wekeni ile rangi ya mbinguni. Nimeanza kuiona tena."

Akimaanisha buluu. Nami nikajiuliza, kwa nini buluu? Na hapo ndipo historia inapoanza.

Stima ilivyotembea pole pole kutoka baharini

Kumbukumbu za kampuni ya stima ya Kenya huanza mwaka 1875, pale Sultani Sayyid Barghash wa Zanzibar alipojipatia jenereta la kumulika kasri lake na mitaa ya karibu. Jumba lake la Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883, ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza la Zanzibar kuwa na stima. (Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Krismasi. Historia ina mambo yake.) Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alilinunua jenereta hilo na kulihamishia Mombasa, na mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Mwaka 1922 hizo mbili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Stima ikafika mwaka 1933. Kutoka Barghash hadi Eldoret ni karibu miaka 60. Lakini kutoka mjini Eldoret hadi mlangoni kwa Kogo ni miaka mingine zaidi ya 80! Serikali ilianzisha mpango wa stima vijijini mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi nyaya zilienda shuleni, sokoni na kwenye kiwanda cha chai, zikipita juu ya vichwa vya watu. Nilikua nikiziona nyaya hizo huku nikifanya kazi ya shule kwa koroboi. Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Kufunga stima kuligharimu shilingi 35,000, pesa ambayo ukiwa nayo unanunua mbolea kwanza. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Last Mile: ukiwa ndani ya mita 600 kutoka transfoma unaunganishwa kwa shilingi 15,000, unalipa kidogo kidogo. Sisi tuliunganishwa mwaka uliofuata.

Nayasema haya ili uelewe kwamba kwa Kogo, taa ya nje ya kupamba tu, taa isiyotafuta ng'ombe wala mwizi, ilikuwa jambo jipya kabisa.

Huko Marekani walikuwa wameshazoea. Tarehe 22 Desemba 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliweka nyumbani kwake New York mti wa Krismasi wenye balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, tena mti wenyewe ukizunguka kwa mota. Ikulu ya Marekani ilifuata miaka ya 1890. Lakini angalia balbu hizo zilivyopata rangi. Waya ndani ulitoa mwanga wa manjano, na kioo cha rangi kikazuia kila kitu isipokuwa rangi iliyotakiwa. Yaani unatengeneza mwanga kwa gharama, halafu unautupa. Buluu ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu waya wa moto hutoa buluu kidogo sana tangu mwanzo. Ile halojeni ya wati 500 mnayoiona kwenye harusi, ukiifunika karatasi ya buluu, inabaki asilimia chache tu ya mwanga, iliyobaki ni joto la kuchomea mahindi.

Nyekundu kwanza, buluu mwisho

LED haina waya wa moto. Ni fuwele ndogo kama punje ya chumvi. Ukiipitishia stima, chembe za stima ndani yake zinaruka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini, na ule urefu wa ngazi ndio unaoamua rangi. Ngazi fupi, nyekundu. Ngazi ndefu, buluu. Huhitaji kioo cha kuchuja, rangi inazaliwa ikiwa safi.

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu jambo hili alikuwa Mwingereza H. J. Round, mhandisi wa Marconi, mwaka 1907. Alikuwa akijaribu fuwele za silikoni kabaidi kwa ajili ya redio, akaona zinawaka. Aliandika barua fupi sana kwenye jarida la Electrical World, akitaja njano, kijani, chungwa na hata buluu, kisha akaendelea na redio zake. Miaka ya 1920 Mrusi Oleg Losev aliliona tena, akalichunguza kwa bidii na kuchapisha makala nyingi, lakini alikufa kwa njaa mwaka 1942 Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani. Mambo yakalala.

Oktoba 1962 Nick Holonyak wa General Electric aliwasha LED nyekundu ya kwanza ya maana. Yeye mwenyewe alitabiri mapema 1963 kwamba siku moja vitu hivi vitachukua nafasi ya balbu ya Edison, wakati taa yenyewe ilitosha tu kuonyesha kwamba mashine imewashwa. Mwaka 1972 mwanafunzi wake, George Craford, akapata ya njano. Kijani nayo ilikuwepo, lakini ilikuwa hafifu, yenye umanjano. Mwaka huo huo wa 1972 kikokotoo cha HP-35 kilitoka na tarakimu zake nyekundu. Kama uliwahi kuona saa za mkononi za zamani na vikokotoo, unajua kwa nini vyote vilikuwa vyekundu. Si kwamba watu walipenda nyekundu. Hawakuwa na nyingine ya maana!

Buluu ilikataa. Nyenzo yake, galiamu naitraidi, ilijulikana, lakini fuwele zake zilitoka na nyufa na kasoro. Kampuni kubwa zilijaribu zikaacha. Huko Nagoya, Japani, profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano waliendelea. Mwaka 1986 wakapata fuwele safi, mwaka 1989 wakatatua tatizo la pili lililoonekana haliwezekani. Na katika kampuni ndogo ya Nichia, mkoa wa Tokushima, mhandisi Shuji Nakamura alikuwa akijenga upya mitambo yake kwa mikono mwenyewe. Novemba 1993 Nichia ilitangaza LED ya buluu iliyowaka kikweli kweli. Bonasi ya Nakamura inajulikana: yen 20,000. Alishtaki, mwaka 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yen bilioni 20, na mwaka 2005 wakapatana kwa takriban yen milioni 840. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Sasa, mimi kama mpenda lugha niligundua jambo. Mwaka 1969 watafiti Brent Berlin na Paul Kay walichapisha kitabu wakidai kwamba lugha nyingi za dunia hupata majina ya rangi kwa mpangilio unaofanana: nyeusi na nyeupe kwanza, halafu nyekundu, halafu kijani na njano, ndipo buluu. Angalia Kiswahili chetu. Rangi zinazochukua viambishi kama sifa halisi ni tatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Kijani kimetoka kwenye majani, manjano ni jina la kiungo cha mchuzi, na buluu tumeazima kutoka Kiingereza, au samawati kutoka Kiarabu cha mbingu. LED nazo: nyekundu 1962, njano 1972, kijani hafifu kati kati, buluu 1993. Sisemi kwamba fizikia inasoma isimu. Ni sadfa. Lakini ni sadfa nzuri, na kumbe Kogo naye aliposema "rangi ya mbinguni" alikuwa akifanya kile ambacho watu wengi hufanya: kuiita buluu kwa jina la kitu, maana rangi yenyewe huchelewa kupata jina lake.

Kwa nini mtu yeyote kijijini ajali kuhusu buluu? Kwa sababu bila buluu hakuna nyeupe. Mwaka 1996 Nichia ilianza kuuza LED nyeupe, ambayo ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Buluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Taa za sola zilizofukuza koroboi katika nyumba nyingi za Kenya, zile ulizolipia kidogo kidogo kwa simu, zote ndani zina buluu. Kamati ya Nobel mwaka 2014 ilitaja wazi watu zaidi ya bilioni 1.5 wasiofikiwa na gridi ya stima. Kogo alikuwa mmoja wao wakati huo. Alipata LED kabla ya kupata nguzo.

Rangi milioni 16, vitufe 16

Buluu ilipopatikana, na kijani kali ikafuata mwaka 1995, pembetatu ikakamilika. Tangu kazi za Thomas Young na James Clerk Maxwell katika karne ya 19 ilijulikana kwamba nyekundu, kijani na buluu zikichanganywa kwa vipimo tofauti hutoa karibu rangi zote. Maxwell alionyesha picha ya rangi kwa njia hiyo mjini London mwaka 1861. Mwaka 1997 vijana wawili wa Marekani, George Mueller na Ihor Lys, walianzisha kampuni ya Color Kinetics, wakaweka LED za rangi tatu ndani ya taa moja na kuziongoza kwa kompyuta ndogo. Philips iliinunua kampuni hiyo mwaka 2007.

Hapa sisi watu wa programu tuko nyumbani. Mara nyingi LED ya taa hizi haipunguzwi mwanga kwa kupunguza stima. Inawashwa na kuzimwa haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, mamia ya mara kwa sekunde. Ikiwashwa nusu ya muda unaona nusu ya mwanga. Ukiipa kila rangi ngazi 256, mara tatu, unapata 16,777,216. Ndiyo ile "rangi milioni 16" iliyoandikwa kwenye boksi. Halafu unafungua boksi unakuta rimoti yenye vitufe 16 vya rangi. Milioni zote zilizobaki zimelala humo ndani bila mlango wa kutokea!

Tena taa za bei nafuu haziunganishi rangi vizuri. Chungwa inatoka kama nyekundu iliyochoka, njano inaelekea kijani, na "nyeupe" inamfanya mtu aonekane mgonjwa. Ukitaka nyeupe ya joto kwa ajili ya mlango au meza ya chakula, nunua taa tofauti ya nyeupe ya joto, kelvini 2,700 hadi 3,000. Usiitegemee taa ya rangi tatu kutoa nyeupe.

Tulivyochagua

Nilinunua taa nne katika duka moja mjini Eldoret. Boksi linasema wati 30 kila moja, IP66, digrii 120. Nikazipeleka nyumbani Jumamosi ya tarehe 9 Desemba. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio wa umuhimu.

*Athi.* Jioni ile nyasi zilikuwa na maji. Binamu yangu mdogo, miguu mitupu, akaishika taa kuigeuza, akaruka: "Inanikuna!" Nikachukua testa, nikagusa mwili wa taa, testa ikawaka. Nilipoifungua nilikuta nyaya mbili tu, hakuna waya wa athi, ule wa kijani na njano, na mwili wote ni chuma. Zote nne zilikuwa hivyo. Mtoto angeweza kufa uani kwetu kwa ajili ya mapambo. Sikulala vizuri usiku ule. Jumatatu nilizirudisha, nikabishana nusu saa, mwishowe muuzaji akanibadilishia kwa mbili zenye waya tatu na nikaongeza pesa. Mjomba naye akamwita fundi akapiga chuma cha athi ardhini na kuweka swichi ya kinga, ile inayokata stima ikivuja. Kama huna hizo mbili, chukua taa za volti 12 zenye adapta inayokaa ndani ya nyumba. Hakuna rangi inayozidi hiyo kwa uzuri.

*Maji.* Katika namba ya IP, tarakimu ya kwanza ni vumbi na ya pili ni maji. IP44 hustahimili maji yanayorukia tu. Taa ya nje inayotazama juu inahitaji IP65 kwenda juu. Lakini namba hiyo ni ya taa. Maungio yetu ya nyaya na ekstensheni hayakuwa na namba. Tuliyaweka chini ya paa, juu ya tofali, si kwenye nyasi.

*Wati.* Usiamini boksi. Tulizima kila kitu nyumbani, tukawasha zile taa nne za kwanza, tukaitazama mita. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Mita yetu imeandikwa mipigo 1,000 kwa yuniti, kwa hiyo kila mpepeso ni wati-saa moja. Kama taa ni wati 120 ingepepesa kila sekunde 30. Ilipepesa kila sekunde 80. Gawanya 3,600 kwa 80: wati 45. Yaani kila taa ya "30" ilikuwa 11 na kidogo. Na tazama, kitaa chenyewe kilichomfichua muuzaji ni LED nyekundu, mjukuu wa ile ya Holonyak. Upande mzuri ni bili: wati 45, saa tano kila usiku, siku 14, ni yuniti 3.15. Tukikadiria shilingi 30 kwa yuniti, haifiki shilingi 100. Halojeni nne za wati 500 zingekula yuniti 140, shilingi 4,200.

*Pembe.* Taa ya digrii 120 ukiiweka mita sita kutoka ukutani, mwanga wake unatanda karibu mita 21. Inamulika ukuta, mbwa, na nusu ya shamba la jirani. Ya digrii 30 kwa umbali huo huo inatoa duara la mita tatu na kidogo. Kwa mti au mlango, digrii 30. Kwa ukuta mzima, 60 yatosha.

*Ukuta.* Hili ndilo watu hawaliulizi. Taa ya rangi haipaki rangi. Inaupa ukuta nafasi ya kurudisha ile rangi kama inayo. Ukuta wa mawe wa mjomba umepakwa krimu, unapokea kila kitu. Mabati ni mabaya, yanarudisha doa moja kali linaloumiza macho. Saiprasi, mti wetu wa Krismasi, ukiumulika kwa nyekundu unakuwa mweusi kama makaa. Upe kijani, unajaa uhai. Nyumba ya Kogo ni ya udongo mwekundu. Buluu iliingia pale ikafa. Nyekundu yenye chungwa kidogo ikaufanya ukuta uonekane kama unawaka kutoka ndani.

Na jicho nalo lina ukuta wake. Mchana jicho huona kijani kwa wepesi zaidi kuliko rangi zote. Giza likiingia, nyekundu hufifia na buluu hupanda. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliona hilo kwenye maua mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana buluu ya nje usiku inachoma macho hata kama lumeni zake ni chache. Iweke hafifu, tena isielekee barabarani.

Jumapili ya giza

Siku moja kabla sijazirudisha zile taa mbovu, Jumapili tarehe 10 Desemba jioni, nilikuwa najaribu rangi kwa kutumia adapta ya zamani. Mara kila kitu kikazimika. Mjomba akatoka mbio: "Umefanya nini?" Nilijua nimeunguza boma. Tukatazama kwa jirani, giza. Tukatazama upande wa Turbo, giza. Ilikuwa nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliathirika. Kogo akaingia ndani akatoka na koroboi lake, ambalo wote tulidhani lilishatupwa. Lilikuwa na mafuta. Tukakaa kulizunguka mpaka usiku sana, akatusimulia Krismasi za zamani.

Baada ya usiku ule hakuna aliyesema tena kwamba nyumba ya udongo iachwe gizani.

Usiku wa tarehe 24

Mwishowe tulikuwa na taa tatu: mbili nilizobadilishiwa, na moja ndogo ya volti 12 niliyonunua kwa pesa zangu. Ukuta wa mjomba tuliupa nyeupe ya joto kwa balbu za kawaida chini ya paa, haina chama. Taa ya kwanza ya rangi ilimulika nyumba ya udongo kwa ile nyekundu ya moto wa jikoni. Ya pili, kijani, saiprasi. Ya tatu, ya digrii 30, tuliielekeza kwenye mkalitusi ulio karibu na mlango wa Kogo, maana gome lake ni jeupe, linapokea buluu.

Nilijua kwa nini aliitaka. Lenzi ya jicho inavyozeeka hugeuka manjano, na mtoto wa jicho huongeza. Manjano huzuia buluu, kama kile kioo cha balbu za Johnson. Mchoraji Claude Monet alipofanyiwa upasuaji mwaka 1923 alilalamika kuhusu rangi alizoanza kuziona. Kogo hakulalamika. Alisimama mbele ya mkalitusi, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama. Akafunika la kushoto, akatazama. Akarudia, mara tatu, nne.

"Kwa hili la kushoto," akasema, "mti ni wa jivu. Kwa hili lingine, ni mbingu ya asubuhi." Halafu akanigeukia: "Hii taa ni bei gani?"

Nikamwambia shilingi 900. Akanyamaza, kisha akamuuliza mjomba jicho la pili litafanyiwa lini, maana mwaka mzima alikuwa akikataa, akisema moja linatosha kwa mzee. Lilifanyiwa Machi 2024.

Basi ukiniuliza tena Novemba hii ununue taa gani, nitakuuliza kwanza: ukuta wako ni wa nini, athi iko wapi, na ni nani atakayezitazama. Ukinijibu hayo matatu, boksi utalichagua mwenyewe.

Nawatakia Krismasi njema, na kwa wasiosherehekea, likizo njema. Hifadhidata tutarudi kwazo Januari, nikijaliwa.